Siku wakwe walipokuja kukagua mji wetu wa Oldeani, mtaa mzima ukawafungulia maji

Wakuu, habari za leo.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, si mtu wa kufungua nyuzi. Ila juzi mmoja wenu kauliza eti mtu anaishije kwenye kamji kadogo ka zamani ambako magari ya watalii hata hayakati kona kukatazama.

Nikaanza kumjibu kwenye comment. Nikajikuta naandika kwa hasira mpaka simu inapata moto. Nikasema hapana, hii inataka uzi wake.

Yote nitakayosema yamenitokea mimi. Mashahidi ni mtaa mzima, na baadhi yao mpo nao humu ndani. Nikiongeza hata chumvi kidogo watanichana hapahapa.

Twende.

Naishi Oldeani. Ukitoka Karatu kwenda geti la Ngorongoro, kuna njia inachepuka kushoto inapanda kwenye mashamba ya kahawa. Lami unaiaga pale pale unapochepuka. Ukifika juu unakuta mji mdogo miguuni mwa mlima, maduka ya mabati ya zamani yenye baraza za mbao, kanisa, soko, na mto wetu unashuka kutoka msituni ukiwa baridi kiasi kwamba ukinawa uso asubuhi unalikumbuka jina lako kamili.

Wazee wanasema enzi za wazungu wa kahawa hapa ndipo palikuwa mjini. Mtu wa bondeni akitaka sukari, alipanda huku. Leo watu wanatuona porini. Sawa.

Babu yangu aliletwa kuchuma kahawa. Yeye na wenzake ndio walichimba mfereji wa kutoa maji mtoni, yakaoshe kahawa ya bwana shamba. Bwana shamba kaondoka. Mfereji upo, na sasa ni wetu. Unapita nyuma ya nyumba zetu, na kila familia ina zamu yake. Zamu yako ikifika unafungua mlango wako, maji yanaingia kwenye bustani. Zamu ikiisha unaziba kwa mawe na magunia ya udongo, maji yanaenda kwa mwenzako.

Kiangazi, zamu ya mtu haiguswi. Hata mlevi wa mtaani analijua hilo. Anaweza kukuibia kuku, lakini zamu yako ataiheshimu.

Sasa mimi ni fundi wa magari ya safari, pale Karatu. Sijakaa darasa la ufundi hata siku moja. Nimejifunza kwa kuangalia, kwa kuungua mikono na kwa video za simu. Gari ikitoka Wasso, kule Loliondo, kwa ile barabara mbovu inafika kwangu springi zinalia kama mbuzi, inaondoka imenyamaza. Asubuhi nashuka na pikipiki, jioni narudi kwetu. Wenzangu wamepanga vyumba Karatu mjini, mimi hapana. Nilishajenga vyumba vyangu kwenye kiwanja cha mama na sihami.

Mnauliza mbona kichwa ngumu. Ndivyo nilivyo.

Hapo Karatu nikakutana na Oliva. Anafanya kazi mapokezi kwenye lodge moja. Mchaga, kwao kabisa Kilimanjaro. Gari ya lodge yao ilinifia mikononi, nikamwambia meneja wao ukweli ambao hakupenda kuusikia, tukafokeana. Oliva akacheka badala ya kukasirika. Nikasema huyu huyu.

Nisiwachoshe na mapenzi. Tukakubaliana. Shida ikaanza kwao.

Baba yake Oliva alishafariki, mama yake anaumwa miguu hasafiri. Kwa hiyo wenye kauli ni wawili: baba mdogo wake, mzee mpole mwenye duka la vifaa vya ujenzi Arusha, na shangazi yake, Shangazi Ndeshi. Wakuu, Shangazi Ndeshi akiingia chumbani hata kalenda ukutani inajinyoosha.

Wakasema hivi: binti yetu kazaliwa penye lami, kasoma, anaongea Kiingereza na wazungu kutwa nzima. Hatumpeleki mahali tusipopajua. Tutakuja kuona kwanza. Tukiona panafaa, ruksa. Tukiona hapafai, kijana ahamie mjini au aendelee na maisha yake.

Mimi nikamwambia Oliva sihami.

Akaniambia, "Najua. Ndiyo maana siku hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Funga mdomo wako. Shangazi atasema, wewe itikia ndiyo shangazi, ndiyo shangazi. Basi."

Nikaahidi. Kwa kweli niliahidi.

Sasa habari ikafika mtaani. Oldeani haina siri, ukipiga chafya huku juu sokoni wanakuombea afya. Kila mtu akajua Fabiani anajiwa na wakwe, na wanakuja kuukagua mji. Siyo mimi tu. Mji.

Aisee, watu walivimba! Watu wakafagia mbele ya maduka ambayo hayajafagiwa vizuri miezi kadhaa. Kanisani wakina mama wa jumuiya wakagawana nani apike nini. Mzee Gwandu, mwenyekiti wa mfereji wetu, akamwambia mama yangu, "Wasije wakasema tumemletea aibu mtoto wa watu." Mama hakulala vizuri wiki nzima.

Ilikuwa katikati ya kiangazi. Mnaolijua vumbi la Karatu mnaelewa. Lile vumbi jekundu, laini kama unga, gari ikipita mtu anageuka rangi. Mama akawa analalamika kwa kila anayepita: "Vumbi hili litawamaliza wakwe zangu, watashuka wamekuwa wekundu." Akalalamika kwa jirani yetu Mama Tluway. Akalalamika kwa Mzee Gwandu. Akalalamika kwa machalii wa bodaboda kijiweni.

Mkumbuke alilalamika kwa wote hao, kila mmoja kwa wakati wake.

Siku ikafika, Jumamosi. Mimi nikashuka mapema na pikipiki kuwasubiri pale njia inapochepuka, niwaongoze. Walisema wangefika asubuhi. Asubuhi ikapita. Walisimama njiani wanakula, mara Shangazi anataka kununua ndizi Mto wa Mbu, mara dereva kapotea. Wamefika jua liko utosini.

Wakateremsha kioo cha gari yao, Noah. Nikasema shikamooni. Baba mdogo akaitikia vizuri. Shangazi akanitazama mimi, akatazama pikipiki, akatazama lami inapoishia.

"Ndiyo tumefika?"

"Hapana shangazi, bado kidogo."

"Kumbe kuna mbele ya hapa."

Ndiyo shangazi. Nikapanda pikipiki, nikatangulia.

Tulipanda vizuri. Vumbi kwa kwenda mbele, nikawa najisemea moyoni mama alikuwa na haki. Tukapita mashamba, tukaingia mjini, watu wanapunga mikono barazani. Nikajisikia kiongozi wa msafara kabisa. Nikakunja kona ya kwenda nyumbani.

Wakuu.

Barabara haikuwepo.

Palikuwa na mto. Namaanisha maji yanatembea, mapana, mekundu, kutoka ukingo mpaka ukingo, yanapita mbele ya geti la mama kama yamealikwa. Na ule udongo wetu ukilowa ni sabuni. Mimi nikateleza na pikipiki nikaiachia, nikasimama kwa bahati tu. Nikageuka kumpungia dereva asimame.

Dereva akashika breki. Ndilo kosa. Noah ikaanza kwenda ubavu taratibu, kwa heshima kabisa, ikaenda kulala mtaroni tairi mbili, imeegemea uzio wa mama.

Halafu mlango ukafunguliwa na Shangazi Ndeshi akashuka. Amevaa kitenge cha kushona, viatu vyeupe. Mguu wa kwanza ukazama. Akauvuta, ukatoka wenyewe, kiatu kikabaki chini.

Mimi kwa kuchanganyikiwa nikamwambia, "Shikamoo shangazi."

"Nitoe kwenye tope kwanza, ndipo uniamkie."

Nikamshika mkono. Nikatafuta kiatu kwa vidole. Mtaa mzima umeshatoka, umesimama pembeni umevaa nguo za sikukuu. Mama kasimama getini kashika kifua.

Shangazi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Mlituambia tunakuja mji. Mji wenyewe uko wapi? Au bado tunaenda?"

"Ndiyo shangazi. Hapana shangazi. Ni hapa."

"Oliva mwanangu, kweli? Huku ndiko unataka kuja kuzikwa ukiwa mzima?"

Oliva akanitazama. Macho yake yalikuwa yanasema neno moja: ahadi.

Nikameza. Kuhusu mimi, nikameza. Kuhusu mji, nikameza pia, ingawa kwa shida, kama mfupa wa samaki.

Ndipo akageukia watu. Akawatazama kina mama wale na mapishi yao waliyoamka nayo alfajiri, akasema, "Na hawa ni watu gani wanamwaga maji barabarani kiangazi? Wamelewa?"

Wakuu, mimi najijua. Kuna kitu huwa kinapanda kutoka tumboni mpaka masikioni, kikifika masikioni sisikii tena.

Nikasema, "Shangazi, mimi nitukane mpaka jioni. Nyumba yangu itukane. Hawa watu usiwaguse. Baba yangu alipokufa, hawa ndio walichimba kaburi, hawa ndio walilima shamba la mama msimu mzima, hakuna aliyedai hata chai. Kama hapafai, pandeni gari mrudi. Lakini hawatatukanwa mbele ya geti la mama yangu."

Nilisema kwa kufoka. Sisemi uongo. Ndege waliruka.

Oliva akafumba macho. Mama akasema, "Fabi!" Dereva wa Noah akajifanya anaangalia tairi. Nikajua nimemaliza. Mchumba amekwenda, harusi imekwenda, na maji bado yanapita tu.

Shangazi akafungua mdomo. Kabla hajasema, Mzee Gwandu akasogea mbele, kofia mkononi.

"Mama, samahani sana. Kijana hana kosa. Ni mimi nimefungulia maji. Nilitaka kulaza vumbi kidogo, mfike safi. Nikafungua asubuhi, nikaenda kubadili nguo."

Mama Tluway akashtuka. "Wewe Gwandu? Mimi ndiye nimefungua! Nimefungua mlango wangu wote tangu Fabi aliposhuka, nikayaelekeza barabarani!"

"Wako pia?"

Machalii wa bodaboda wakaanza kutazamana. Mmoja akakohoa. "Aah... mzee... na sisi kule juu tumetoa magunia. Ila kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Yote."

Mzee Gwandu akasahau kama kuna wageni. "Nyie vijana mna akili kweli? Mwenyekiti wa mfereji mnaye, hamuulizi?"

"Mzee, si ni surprise!"

Mama Tluway akamgeukia, "Na wewe mwenyekiti, ulimuuliza nani?"

Wakaanza kugombana kwa Kiiraqw, lugha ya huku, kila mmoja anadai aibu ni yake. Yaani watu wanagombania lawama! Mimi nimesimama katikati na kiatu cheupe mkononi.

Kumbe kila mtu alifanya kimya kimya, zawadi yake, akidhani ni yeye peke yake. Na wageni wakachelewa, maji yakatembea asubuhi nzima, watu wote wako jikoni na kwenye kuvaa.

Baba mdogo wa Oliva alikuwa ameshashuka naye. Alikuwa anatazama mfereji, siyo sisi. Akauliza taratibu, "Leo ilikuwa zamu ya nani?"

Wote wakamgeukia.

Mama Tluway akasema, "Yangu, baba."

"Unalima nini?"

"Kabichi. Na karoti kidogo."

"Zimenywa?"

"Hazijanywa. Zitavumilia."

"Zamu yako inarudi lini?"

"Wiki ijayo."

Yule mzee akatazama jua, akamtazama yule mama. Mimi sikuelewa anafikiri nini. Akakaa kwenye kizingiti cha Noah, akavua viatu, akavua soksi akaziweka ndani ya kiatu, akakunja suruali ya suti mpaka magotini. Akasema, "Naomba jembe."

Shangazi akasema, "Unaenda wapi na suti?"

"Maji ya huyu mama yanapotea, dada. Wali hautakimbia."

Akapanda kufuata mfereji. Mimi nikamfuata na jembe la pili, Mzee Gwandu nyuma, machalii wa bodaboda wamebeba magunia waliyoyatoa wenyewe, wameinamisha vichwa. Tukaenda mpaka mlango wa juu. Yule mzee alishuka ndani ya maji yale ya baridi bila kusema ah. Akachagua mawe, akapanga, akakata udongo wenye majani akaubandika upande wa ndani. Mzee Gwandu akasema, "Hapo sisi huwa tunaweka gunia kwanza." Akajibiwa, "Sisi gunia mwisho." Wakabishana kidogo, wakaweka gunia kwanza kwa sababu huku ni kwetu.

Mjue kwamba Wachaga wa mlimani wamelelewa na mifereji. Mimi nilikuwa sijui. Nilidhani nawaonyesha kitu kigeni.

Tukiwa tumeinama, akaniambia bila kunitazama, "Kule kwetu ndugu wa tumbo moja wamenuniana mpaka kaburini kwa zamu moja ya maji. Najua ninachokuambia. Huyu mama alimwaga zamu yake nzima nisichafuke na vumbi, na hanijui."

Nikamsogezea jiwe jingine. 

Maji yakageuka. Yakaenda kwa Mama Tluway. Tukasimama pale mpaka tukaona matuta yake ya kwanza yameanza kuwa meusi. Njia nzima ya kurudi machalii walikuwa wanamwita yule mzee "kamanda".

Tulipofika chini Noah ilishatolewa mtaroni. Kina mama waliisukuma wakiwa na nguo zao za sikukuu, wamechafuka mpaka vilemba. Na wakuu, Shangazi Ndeshi alikuwa katikati yao, peku, viatu vyote kaviweka juu ya uzio, anawaamuru, "Tatu, mbili, moja, wewe mwenye kijani husukumi, umeegemea!"

Tukanawa, tukala. Chakula kilikuwa kingi mpaka aibu.

Baada ya kula nikasimama, nikamwomba shangazi radhi kwa kufoka. Nikasema sauti ile haikuwa ya kutumia kwa mzazi. Nilichosema chenyewe sikukiombea radhi, na yeye akagundua, maana akauliza, "Umemaliza? Au kuna kipande umekiacha?"

"Nimemaliza, shangazi."

"Una mdomo wewe."

"Ndiyo shangazi."

"Siku ukimfokea Oliva hivyo, nitakuja. Barabara iwe na tope isiwe na tope, nitafika."

"Ndiyo shangazi."

Akamtazama baba mdogo. Sasa ndiyo ilikuwa saa ya kauli. Mama yangu alishika kikombe mpaka nikaogopa kitapasuka. Baba mdogo akajikohoza, akamgeukia Mzee Gwandu, siyo mimi.

"Mwenyekiti. Binti yetu akija kukaa hapa, zamu yake ya maji itakuwa lini?"

Sikuelewa haraka. Mama alielewa. Machozi yalianza hapo hapo.

Mzee Gwandu akavaa ukali wa uenyekiti. "Hapa hapewi zamu mtu ambaye hashuki kuzibua mfereji. Kabla ya mvua tunashuka wote, mwenye kazi lodge na asiye na kazi."

Shangazi akadakia, "Atashuka. Hatukumlea kwenye kabati."

"Basi tutamtafutia."

Mama akasema, "Msitafute. Mpeni jioni yangu ya Alhamisi. Mgongo wangu hauinami tena."

Ikaisha hivyo wakuu. Hakuna aliyetamka neno panafaa wala hapafai. Oliva akaondoka siku ile akiwa tayari ana maji yake katika mji huu.

Harusi tulishafunga, kanisa letu hapa hapa. Kabla ya mvua zilizofuata alishuka mferejini na koleo, wageni wake wa lodge wangemwona wasingemjua. Na Alhamisi akitoka kazini haniulizi hata nimekula, anapitiliza bustanini na yunifomu. Wiki iliyopita nilichelewa kuziba mlango wetu, nikala maji ya Mama Tluway kidogo tu. Oliva alinifokea mpaka majirani wakazima redio. Niliitikia ndiyo, ndiyo.

Funzo langu mimi ni hili. Mtu akija kukagua kwenu usihangaike kumwonyesha vitu. Sisi tulitaka kuwaonyesha barabara safi, tukashindwa vibaya sana, na ile aibu ndiyo iliyowaonyesha sisi ni nani. Mji mdogo kila mtu atayajua mambo yako, hilo ni kweli na linachosha. Lakini siku ukihitaji, hao hao wanakutolea kile ambacho wao wenyewe hawana cha ziada. Miji mikubwa ina mengi, mimi hili bado sijaliona huko.

Wenye miji midogo yenye mito, popote mlipo, shusheni yenu hapa chini. Semeni wakwe waliwakuta katika hali gani. Na Wachaga mliomo humu, naomba mnisaidie jambo moja linalotugombanisha na baba mdogo kila akija: gunia linawekwa kwanza au mwisho?